Sasisho la Ijumaa

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imekwama, watu wamejazana ndani wanasukumana. Mshonaji alikuwa ndani ya gauni la zambarau, tepu ya kupimia bado iko shingoni, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Mwanamume mwenye shati jeupe akamcheka.

"Dada, huyo unampeleka kliniki?"

"Nampeleka kwa fundi wa ghorofa ya nne. Wanasema anajivuna, lakini kazi anaijua."

"Anayejivuna ndiye mimi. Kazi utaamua mwenyewe."

Baba yake mshonaji alikuwa amelazwa mji mwingine, wodi ya kifua isiyoruhusu wageni. Jamaa walimwona kwa video Jumamosi tu, saa nane mchana, nusu saa. Ukurasa wa video wa hospitali ulikuwa wa kizamani. Ulitaka plagini, programu ndogo ya nyongeza, ambayo brauza mpya zilishaikataa. Kompyuta ilikuwa ya Linux. Fundi akafungua dirisha jeusi la amri, akaweka brauza ya zamani, akanakili plagini kwenye folda yake, kisha akaifunga brauza isijisasishe.

"Ikikuomba kusasisha, ikatae."

"Kama ninavyowakataa wanaume?"

"Wote?"

"Hiyo tutaona."

Jumamosi hiyo mzee akaonekana, kakonda ila anatabasamu. Mwezi wa nne tangu siku ile fundi alikuwa akiitwa mpenzi, mzee akimwita mkwe kwenye kioo cha kompyuta, na posa imeshapangiwa siku.

Sasa, mafundi wa kompyuta wana ugonjwa mmoja: hawawezi kuona kitu cha zamani kinafanya kazi wakakiacha. Ijumaa alasiri fundi alikaa chumbani kwa mchumba wake akiwa na fulana tu, akingoja shati lake lipigwe pasi. Kompyuta ikaonyesha masasisho arobaini yanasubiri. Brauza ile ya zamani ilikuwa na matundu ya usalama, na yeye alihofia wezi wa mtandaoni wasije wakamwibia mpenzi wake. Vidole vikamwasha. Akaondoa kizuizi, akasasisha yote.

"Unafanya nini huko, baba watoto?"

"Naitengeneza iwe salama, mama watoto."

"Watoto wenyewe wako wapi?"

Wakacheka. Alijaribu kurasa tatu, zikafunguka. Ule wa hospitali ulifunguliwa Jumamosi tu, naye alisema moyoni kwamba ataupima asubuhi. Asubuhi ofisi moja ikamwita kwa dharura kwenye chumba cha seva, ambako simu huachwa mlangoni. Akasahau.

Saa nane mshonaji aliona kisanduku cha kijivu mahali pa uso wa baba. Akampigia fundi simu mara tisa. Kule wodini mzee aliketi kitandani, nesi kamchana nywele, anangoja. Jumatatu alfajiri alifariki.

Wiki nzima baada ya mazishi mshonaji hakutaka kumwona fundi. Fundi alipiga, akakatiwa. Siku ya nane mshonaji akapokea mwenyewe.

"Njoo. Nimekuonea bure. Ungepokea simu ungefanya nini, na ukurasa wao ni mbovu?"

Alimkuta amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba. Akamkumbatia, na mshonaji akalia kifuani kwake. Hapo ndipo fundi angeweza kunyamaza. Hakuna binadamu ambaye angejua. Waliosema majuto ni mjukuu hawakumwona huyu aliyekuja mbio. Fundi akafungua kompyuta, akatoa orodha ambayo mashine hujiandikia yenyewe, kila sasisho na saa yake.

"Soma hapa."

"Brauza. Ijumaa, saa kumi na dakika tano." Akamgeukia. "Saa hiyo nilikuwa nakupigia pasi."

"Ni mimi. Ukurasa wao ulikuwa mzima. Plagini niliiua mimi."

"Ungekaa kimya ningeolewa na wewe."

"Najua, mpenzi."

"Sasa umesema ili iweje?"

"Ungekuwa unailaumu hospitali ya watu, na mimi nalala pembeni yako nasikiliza."

Mshonaji alikaa kitandani. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa rahisi. Lakini baba aliningoja nusu saa nzima. Nesi aliniambia swali lake la mwisho: kama nimemchoka."

Fundi akaifunga kompyuta. Akainuka taratibu.

"Waambie wazee wako wasije," mshonaji akasema, na akageukia ukuta ili asimwone akitoka.