Kamba Juu ya Chaza wa Luama

Sidonie alipotoa kichwa majini kuvuta pumzi, aliuona mtumbwi ukienda zake bila mtu.

"Yaya Serge! Mutumbwi inaenda!"

Kaka yake, mwenye mtumbwi, alijitupa mtoni, akapiga mikono, akarudi kwenye mwamba wao katikati ya mto akihema, mikono mitupu. Mto Luama ulikuwa umegeuka rangi. Asubuhi maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka chini. Sasa yalikuwa kama chai ya maziwa, na vijiti vikielea. Juu yao jua liliwaka, lakini kule kwenye milima ya Kabambare mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kumwagika.

Na mtumbwi ungefungwa na nini? Kamba yake ndefu ilikuwa chini ya maji, kazini. Sidonie na Falonne, wanafunzi wa biolojia kutoka Kasongo, hawakuwa na mita ya kupimia, hivyo asistan Aristote, kijana aliyewafundisha, aliipiga kamba mafundo, akaitandaza juu ya chaza. Chaza wa mtoni hujibandika mwambani, watoto juu ya mababu, mpaka jiwe zima linakuwa ukuta wa magamba, kama matumbawe ya baharini ambayo Aristote aliyajua vitabuni tu. Wasichana hao wawili walipiga mbizi fundo kwa fundo, wakihesabu wazima na wafu. Sidonie aliipenda kazi ile, tuseme ukweli, aliipenda mno. Serge alimtania kwamba amesoma miaka yote ile ili aje kuhesabu mboga, maana kwao chaza ni kitoweo. Akatoa kamba yake akicheka, akauvuta mtumbwi juu ya jiwe, basi.

Maji yaliwafika magotini. Falonne akateleza, gamba likampasua paja. Sidonie alimfunga kwa kitenge, akakaza, damu ikaendelea kupenya.

"Tutafika ng'ambo?" Falonne aliuliza.

"Si mbali," Serge alisema. "Maji tu ndiyo iko na nguvu."

Akazama, akaifungua kamba. Aristote, hodari wa kuogelea kuliko wote, alijifunga ncha moja kiunoni, akaingia. Mto ulimzungusha, ukammeza, ukamtema ng'ambo, mbali kule maji yaendako. Akashika mizizi, akapanda, akafunga kamba kwenye mti. Serge alifunga ncha ya pili kwenye jiwe. Ndipo walipouona ubaya: kila kamba ilipotikisika ilijisugua kwenye magamba, na nyuzi zikaanza kukatika moja moja.

Serge akachuchumaa, akaingiza mikono yake kati ya kamba na chaza, akainua.

"Falonne, enda."

Falonne alivuka, Aristote akamvuta hatua za mwisho.

"Weye sasa, Sidonie."

"Na weye, yaya? Nani atakushikia kamba?"

"Maji inapanda."

"Twende wote wawili."

"Haitabeba watu wawili. Enda, mudogo wangu. Usiniangalie."

Alikwenda. Mungu amsamehe, alitaka kuishi. Maji yalimpiga kifuani, lakini kamba ilitulia mikononi mwake mpaka akagusa udongo. Aligeuka. Serge alikuwa ameshaacha jiwe, amefika katikati. Mara kamba ikalegea. Hakupiga kelele, au labda mto ulipiga kuliko yeye.

Walimwita ukingoni mpaka sauti zikawakauka. Walilala msituni bila moto, wakanywa maji ya tope waliyoyachuja kwa nguo. Asubuhi walimbeba Falonne kwa zamu ndani ya matete, mgongoni, hadi njia ya kwenda Wamaza, ambako mwenye pikipiki aliwatazama, akashusha magunia yake ya muhogo bila kuuliza kitu, akampakia mgonjwa. Falonne alipona.

Serge alipatikana na wavuvi, amenasa kwenye matawi. Mama yao, Emilienne, alifika kwa miguu kutoka Wamaza. Alikaa chini, akamlaza mtoto wake mapajani, akafuta mchanga usoni, kisha akamfungua ngumi. Viganja vilikuwa vimechanjwa mpaka mfupani.

"Nani alikata mutoto wangu hivi?"

Sidonie alipiga magoti. "Ni chaza, mama. Alikuwa ananishikia kamba."

Mama aliishika mikono ya binti yake, akaigeuza, akaiangalia kwa makini mmoja baada ya mwingine. Viganja vilikuwa vizima. Hapo ndipo mama alipolia.