Bolti Moja ya Pedali ya Gia

Mambo yote yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na saba Mei, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Kabla ya hapo ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Brenna, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwenda kwa babu yake, akamlisha paka, akaosha vyombo, kisha akakaa mezani kumsomea barua. Babu Verlyn aliacha shule mapema, na herufi ndogo zilimchosha. Zamani msomaji wake alikuwa Bibi Arlene. Bibi alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, na kazi hiyo ikamwangukia mjukuu.

Siku hiyo hapakuwa na barua. Palikuwa na karatasi ya maelekezo, na gerejini, juu ya gunia, vyuma vipya vyeusi: vibao viwili vya kukanyagia na pedali ndefu ya gia.

"Soma," alisema Babu. "Na usiruke mstari. Waliokaa ofisini wakaandika hiyo karatasi hawajawahi kushika spana, lakini soma tu."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Baraka. Kila mwaka, waendesha pikipiki wa mji wa Brandel hupanga foleni mbele ya kanisa. Padri hupita akiinyunyizia kila pikipiki maji na kuiombea, kisha foleni nzima huzunguka ziwa. Anayeongoza ni yule aliyeendesha miaka mingi kuliko wote, na kwa miaka kumi na mmoja kiongozi alikuwa Babu Verlyn. Lakini sheria yao ni moja: asiyeweza kuendesha mwenyewe, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Tatizo lilikuwa mguu wa kushoto. Mwaka uliopita, katika kiwanda cha nyama ya bata mzinga alikofanya kazi miaka thelathini, mnyororo wa mashine uliukamata mguu ule. Ulipona, lakini vidole havikuinuka tena. Na pikipiki ya kawaida, ukitaka kupandisha gia, lazima uinyanyue pedali kwa vidole kutoka chini. Pedali hii mpya ilikuwa na mikono miwili. Wa mbele unaukanyaga kwa vidole kushusha gia. Wa nyuma unaukanyaga kwa kisigino kupandisha. Hakuna kunyanyua. Ndiyo maana vibao vilihitajika pia, mguu upate mahali papana pa kutulia.

Kwenye karatasi, kazi ilikuwa ya saa moja. Gerejini, kutoa vikanyagio vya zamani peke yake kulikula saa nzima, kwa maana bolti zilikuwa zimeota kutu na moja ilikatika kichwa. Kibao cha kulia kilikaa vizuri. Cha kushoto matundu yake hayakukutana na ya fremu.

"Nyanyua kidogo," alisema Babu.

"Nimenyanyua, Babu."

"Basi shusha!"

"Nikishusha tundu la nyuma linapotea."

Babu aliitupa nyundo pembeni. "Watu hawa! Wanatoboa tundu mahali popote, halafu wanakwenda kula chakula cha mchana."

Kibao kilipokubali, pedali ikagoma. Inavishwa kwenye mhimili wenye meno madogo madogo, na jino moja tu likikosewa, kila kitu kinakosewa. Mara ya kwanza mkono wa kisigino uligonga kibao kabla gia haijaingia. Mara ya pili ulikaa juu mno, Babu akawa kama anapanda ngazi. Mara ya tatu ukakaa sawa, naye hata hakutabasamu. Jasho lilikuwa linamchuruzika puani.

Ilibaki bolti moja, ile inayoibana pedali isizunguke kwenye mhimili. Mkono wa Babu haukupenya pale kati ya injini na kibao. Wa Brenna ulipenya. Babu akampa spana ya kupimia nguvu, aliyoazimwa na jirani yao Lowell.

"Kaza mpaka isikike *tak*. Ikisema *tak*, acha. Usiongeze hata nywele."

Spana ikasema *tak*. Lakini Brenna alikumbuka jinsi kila kitu kilivyokuwa kimegoma siku ile, akaona heri aongeze kidogo. Akavuta. Bolti ikapinga, kisha ghafla ikawa laini, ikazunguka bure kama kijiko kwenye uji. Nyuzi za bolti zilikuwa zimesagika.

Brenna alimtazama Babu, uso mwekundu, mguu mbaya umenyooshwa sakafuni.

"Imekaza?" aliuliza Babu.

"Imekaza, Babu."

Babu akavaa kofia ya chuma, akatoka kwenda kujaribu. Brenna alisimama mlangoni. Pikipiki ilifika kona ya kanisa, kisha ikaanza kulia kwa sauti ya juu, kama nguruwe aliyebanwa na geti. Babu alikanyaga kwa kisigino, pedali ikazunguka hewani. Alirudi mtaa mzima akiwa katika gia ya kwanza, injini ikipiga kelele, mwendo wa mtu atembeaye. Kama pedali ingesubiri mpaka barabara kuu, penye malori ya mahindi, asingerudi kwa kelele tu.

Lowell alikuwa nje akikata majani. Alizima mashine yake.

"Mzee Verlyn! Kesho utatuongoza kwa mwendo huo? Tutafika ziwani Krismasi!"

Babu hakucheka. Alishuka, akaitazama pedali inavyoning'inia, kisha akamgeukia Lowell.

"Spana yako mbovu! Umeniazima takataka, imesema *tak* kabla ya wakati. Au ulitaka bolti ikatike? Wewe ndiye wa pili kwenye foleni, unadhani sijui?"

"Spana yangu?" Uso wa Lowell ulibadilika. "Verlyn, miaka ishirini tunaazimana vitu. Unaniambia mimi maneno hayo?"

"Chukua spana yako. Na umwambie Padri kesho nitakuja kwa gari, kama gunia la viazi."

Lowell aliiokota spana, akaanza kuvuka uwanja. Brenna alimwona anavyokwenda ameinamisha kichwa.

"Siyo spana!" alisema kwa nguvu. "Bwana Lowell, rudi. Babu, ni mimi. Ilisema *tak*, nikaongeza. Nikasikia bolti imekufa. Ulipouliza nikasema imekaza."

Babu alikaa juu ya ndoo. Brenna alingoja makaripio, lakini Babu alikuwa akimtazama Lowell.

"Bwana Lowell," alisema taratibu, "nimekuvunjia heshima mbele ya mtoto. Nisamehe."

"Umenivunjia kweli," alijibu Lowell, bado amekasirika. Kisha akapiga goti kando ya pikipiki, akachungulia. "Nyuzi zimekwisha. Lakini tukitoboa upande wa pili, tukapitisha bolti ndefu na nati nyuma yake, itashika kuliko mwanzo. Nina drili. Wewe msichana, shika taa."

Kwa nusu saa wakatoboa, wakapitisha bolti, wakafunga nati. Safari hii spana ilisema *tak*, na Brenna akautoa mkono mara moja. Babu akaenda mpaka kwenye kona na kurudi. Gia zilipanda na kushuka kama zinavyotakiwa.

Jumapili Babu Verlyn aliongoza foleni kuzunguka ziwa, na Brenna alikaa kiti cha nyuma, alipokuwa akikaa Bibi Arlene. Baadaye, wakila soseji za kuchoma uwanjani mwa kanisa, Babu alimwambia:

"Kukosea ni kwa kila mwenye mikono. Mimi mwenyewe nimeua bolti nyingi kuliko umri wako. Lakini nisikilize vizuri, mjukuu wangu. Bolti iliyokufa, ukiisema, ni kazi ya nusu saa. Ukinyamaza, ni mguu wa mtu. Asubuhi ile kiwandani ule mnyororo haukuwa na kifuniko. Wakubwa wakatoa karatasi inayosema kimekaguliwa na kipo. Kuna mtu alitia alama pale akasema imekaza, kama wewe. Tofauti ni kwamba wewe ulirudi ukasema."

"Yeye hakurudi?"

"Wakaandika kwamba mzembe ni mimi."

Jioni hiyo, mezani kwa Babu, Brenna hakusoma barua. Aliandika. Babu alitaka iwe ndefu na yenye matusi mawili matatu, lakini Brenna alikataa. Barua ilipelekwa posta Jumatatu, kwa mkurugenzi wa kiwanda, ikiwa na tarehe ya ajali, jina la Babu, na swali moja tu:

Ni nani aliyetia alama kwamba kifuniko kipo?