Figa la Tatu la Mama Adelaïde

Verdiane hakuamini macho yake. Katikati ya soko la Rubaya, wapagazi wakipita na magunia yao mgongoni, kijana asiyemjua alikuwa amenyanyua fromage yake, jibini aliyokuwa akiuza, kwa mkono mmoja. Aliipima uzito, akaigonga kwa kidole, kisha akaisogeza sikioni.

“We kaka! Hii ni fromage ya Kirolirwe, haiko jiwe!”

“Samahani, dada. Kazi njo imeniharibu. Kila kitu nashika, napima.”

“Na banamuke, unapimaka vilevile?”

Wauzaji wenzake waliangua kicheko. Kijana aliona haya mpaka masikio, akanunua fromage mbili ambazo hakuwa na haja nazo. Aliitwa Kataliko, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi, buti za mpira zilizojaa tope, na nyundo ilining'inia kiunoni. Alifanya kazi katika kampuni iliyotafuta dhahabu na koltan kwenye milima ya Masisi na misitu ya Walikale. Walivunja vipande vya mawe, wakavipeleka kupimwa, na palipoonekana mali walifunga utepe mwekundu.

Verdiane aliujua utepe huo. Kwa shangazi yake ulifungwa utepe. Baada yake wakaja wachimbaji, nyuma ya wachimbaji wakaja wenye bunduki, na leo palipokuwa na mlango wa shangazi pana shimo. Alipaswa kumkimbia kijana yule. Lakini moyo una macho yake, jamani! Alijifunga upya kikwembe chake cha njano, akampa namba ya simu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila jioni, akiwa Walikale, Kataliko alipanda kilima kutafuta réseau ya simu.

“Sheri, umekula?”

“Nimekula. Na weye?”

“Sombe na samaki wa mukebe. Nikufe kesho, andika kwenye kaburi: samaki wa mukebe njo ilimuua.”

“Nyamaza! Mu vita hii, kifo haichezewi.” Kisha akacheka, kwa maana hakuweza kujizuia. “Utakuja lini kwetu Kibabi? Mama anauliza kama una sura ao uko sauti tu.”

Alikuja Jumapili, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Ila nyundo hakuiacha, maana mtu wa kazi ile huenda na nyundo yake hata kanisani. Mama Adelaïde, mjane mwenye ulimi mkali na shamba la maharage lililotelemka hadi kijitoni, alimkaribisha jikoni, mahali anapokaribishwa mtu anayetarajiwa kuwa wa nyumbani. Chungu kilikuwa kimeshaipuliwa. Mafiga matatu yalibaki wazi, na moja lilikuwa jeusi kuliko masizi, lenye kumeta pembeni.

Kataliko alichutama. Alijaribu kulisogeza, likakataa. Macho yakamtoka, na kabla Verdiane hajafungua kinywa, nyundo ilikuwa imeshapanda na kushuka. Ta! Kipande kikaruka.

Weee! Mama Adelaïde alishika kichwa kwa mikono miwili.

“Yesu wangu! Amevunja figa! Figa ya mama mukwe wangu, ile alitoa mu kijito siku aliolewa!”

“Mama, samahani, mukono tu, sikufikiri...”

“Katika nyumba hii, mwenye kuvunja figa anaita kifo ao talaka. Weye bado hujaoa, na unaanza na talaka? Toka!”

Kataliko alitoka, kipande alichokiokota kwa mazoea kikiwa mfukoni bila yeye kukumbuka. Verdiane hakumsindikiza.

Usiku huo simu ililia na kulia. Mwishowe akaipokea.

“Verdiane, naomba, nisikilize. Ile jiwe...”

“Jiwe! Hata sasa unanizungumuzia jiwe? Ulikuja kuniona mimi, ao ulikuja kuona mafiga ya mama?”

Akakata. Alilia hadi mto ukalowa, maana alimpenda mpumbavu yule.

Wiki haikwisha. Asubuhi moja alitoka kukamua mbuzi, ndoo ikamponyoka. Kwenye mti wa parachichi, hatua chache kutoka kaburi la baba yake, ulipepea utepe mwekundu. Mwingine ulifungwa kando ya kijito. Na tayari Monsieur Édouard, mkuu wa msafara wa kampuni, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na watu wake.

“Mama, asante kwa moto wako,” alisema, akaingia bila kukaribishwa na kuchutama mbele ya mafiga kupasha mikono. “Kataliko alikuwa na kipande cha jiwe cha ajabu mu mufuko yake. Tunajua Jumapili alikuja huku. Jiwe hiyo ilitoka wapi?”

Chungu cha maharage kilikuwa kikichemka juu ya jiwe lenyewe, limefunikwa masizi, kando tu ya goti lake. Mama Adelaïde aliendelea kukoroga.

“Huku hakuna mawe, Papa. Huku kuna maharage tu.”

Walipoondoka, tepe zilibaki. Watachimba juma lijalo, walisema. Verdiane alimpigia Kataliko papo hapo.

“Umetuuza! Umetuuza sawa vile gunia!”

“Hapana! Waliikuta mu mufuko yangu. Verdiane, sikia, mimi nitaondoa ile tepe. Nakuapia kwa mama yangu.”

Kisha simu ya Kataliko ikazimika, ikabaki imezimika. Verdiane alipiga asubuhi, alipiga jioni, akiwa amesimama juu ya kaburi la baba, ambako réseau ilishika vizuri. Hakuna. Mama alianza kufunga vyombo kwenye vikwembe. Juma lijalo likafika. Hakuja mtu.

Siku ya soko waliomwona Kataliko kwa mbali walidhani ni mpagazi. Alipanda mlima wa Kibabi polepole, amebeba mzigo begani, amekonda, ndevu zimeota, kizibao cha kampuni hana tena. Verdiane alitaka kumtukana, akashindwa.

“Ulikuwa wapi?”

“Walikale, mu pori. Nilimwambia Édouard ile jiwe niliitoa huko, ng'ambo ya mto. Nikamupeleka nimuonyeshe. Tulitembea mpaka akachoka kunitukana. Hakuna kitu. Amenifukuza kazi, amesema miye mwongo, ile jiwe niliinunua kwa wachimbaji, na tepe zote za huku ataondoa.”

“Hakufikiri jiwe ilitoka huku kwetu?”

“Nani ataamini kama muntu anavunjaka figa ya mama mukwe?”

Verdiane alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika uso uliojaa vumbi. Kataliko alitua mzigo wake mlangoni: jiwe jeusi lenye vitundu vitundu.

“Mama, figa moja haliinjiki chungu, na yako nimeivunja. Hii ni jiwe ya volkano, nimetoa Goma. Haina dhahabu, haina koltan, haina chochote. Hakuna kampuni itaipenda. Nakuomba uikubali, na mimi pamoja nayo.”

Mama Adelaïde alilitazama jiwe, akamtazama mtu. Kisha akaonyesha figa la zamani.

“Ondoa hiyo. Beba.”

Kataliko alilibingirisha hadi nje huku akihema, mama mbele, Verdiane nyuma. Waliposimama kwenye mlango wa choo cha shimo, akageuka, hajaamini.

“Mama... humu? Hii ni koltan, ni mali!”

“Njo maana. Tupa.”

Lilianguka kwa kishindo kizito, na harufu ikawafukuza wote watatu hadi uani.

“Sasa wakuje na tepe yao,” alisema Mama Adelaïde, akifuta mikono kwenye kikwembe. “Ng'ombe unaleta lini?”

“Mama, kwetu Butembo tunatoaka mbuzi.”

“Mbuzi!” Mama alishika kichwa tena.

Verdiane alikuwa ameshaingia jikoni. Aliweka jiwe la Goma mahali pake na kuteleka maharage. Chungu kiliegama kidogo upande mmoja, lakini hakikumwagika.