Waya Uliolala Sakafuni

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mtandao, na ukimtania kuhusu jambo hili atakununia wiki nzima.

Ofisini kwao seva, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, ilikuwa inajikokota. Mkuu wake akamwambia, "Ikigoma tena leo, na wewe usirudi kesho." Basi mchana huo akajifungia kwenye chumba cha seva, hakina dirisha, taa imeungua, feni zinanguruma.

Tatizo alilijua. Kompyuta zikinyamaza, seva ilikuwa inazisubiri saa mbili nzima kabla ya kuziuliza kama bado zipo, na zilizokufa zikawa zinaijaza bure. Akaipanga iulize kila baada ya sekunde kumi, na isiyojibu ikatwe.

Zote zilizokufa zikakatwa. Ikabaki moja, haitumi chochote, lakini kila ikiulizwa inajibu. Akaufuata waya wake kwa tochi ya simu hadi nyuma ya kabati. Ncha ya pili ilikuwa imelala sakafuni, haijachomekwa popote.

Pale pale, ndani ya ukuta, kitu kikagonga mara moja. Baada ya sekunde kumi, tena.

"Nani huyo?" akauliza. Kikagonga kwa nguvu zaidi, chokaa ikamwagika.

Akarudi mbio mezani kwenye kompyuta yake, akabadilisha seva iwe inauliza kila dakika moja. Kikagonga baada ya dakika moja.

"Potelea mbali," akasema, akaiamuru seva isiulize tena kabisa.

Ukabaki mngurumo wa feni tu. Akafuta jasho, akahesabu hadi sitini, akarudia. Kimya.

Ndipo kikagonga chini ya meza, katikati ya magoti yake.