Vidole vya Sikuzani

Sindano ya mashine ilipita katikati ya kidole cha Sikuzani, na hakusikia kitu...

Aliendelea kushona. Ni mteja wake, bibi harusi mtarajiwa, aliyeona damu kwenye kitambaa cheupe akamshika mkono.

Jamani mnaonisoma, huyu mama ameshona nguo mtaani Nyakabiga miaka kumi na tisa. Alikuwa akijua kitambaa kwa kukigusa tu, macho kafumba.

Mwaka jana saratani ikamkuta kwenye titi.

Daktari alikuwa mgeni, anajua Kifaransa tu. Sikuzani Kifaransa hakijui. Basi mdogo wake, Amira, ndiye aliyekaa katikati yao kila séance ya chimio, yaani kila zamu ya kuwekewa dawa ya saratani, akitafsiri.

Na niseme ukweli, Amira hakuwa mvivu. Daktari alishauri mikono na miguu iwekwe kwenye barafu wakati dawa inaingia, ili kuilinda mishipa ya fahamu. Amira alikwenda mwenyewe Kibenga kwa wauza samaki kutafuta hiyo barafu, akamshikia dada yake vidole mpaka dripu ikaisha.

Séance ya tatu, ganzi ikaanza. Nchani mwa vidole kwanza, halafu nyayo.

Sikuzani akamwambia Amira amwambie daktari. Amira akasema Kifaransa kirefu. Daktari akatabasamu, akaandika.

"Anasema ni kawaida, itapita."

Ya nne, hivyo hivyo. Ya tano pia. Kufika ya sita, ya mwisho, kandambili ilikuwa inamtoka njiani na hajui...

Baada ya kujichoma na sindano, akarudi hospitali na Amira. Siku hiyo alimkuta muuguzi mpya, Adélaïde, anayeongea Kiswahili. Muuguzi akafungua faili, akakunja uso.

"Mama, mbona ulikuwa unasema hauna ganzi? Imeandikwa hapa mara nne."

Sikuzani akageuka. Amira alikuwa anatazama sakafu.

"We uliambia daktari nini?"

"Nilisema uko bien, hauna ganzi." Sauti ilikuwa ndogo. "Alisema ganzi ikizidi, atapunguza dawa. Mi niliogopa apunguze, ugonjwa urudi, ufe."

Adélaïde akaeleza polepole kwamba kupunguza dawa, au kuibadilisha, si kumwacha mgonjwa. Wangeendelea kumtibu huku wakiviangalia vidole. Sasa huenda vitapona kidogo. Huenda vitabaki hivyo.

"Ungeniuliza," Sikuzani akamwambia mdogo wake. "Mikono ilikuwa yangu."

Leo saratani haionekani kwenye vipimo. Mashine ameiuza. Kila asubuhi Amira huja kumfungia vifungo vya blauzi, maana vidole haviwezi. Anafunga kimoja kimoja, hawasemeshani, anaondoka.

Ndugu yangu uliye kwenye chimio, ganzi ikianza, sema siku hiyo hiyo, hata kwa kuonyesha vidole.

Na wewe unayemtafsiria mgonjwa... peleka maneno yake. Woga wako baki nao.