Kilichohamia Namba Saba

Seva namba saba ilikuwa inanuka mdomo.

Haikuwa harufu ya waya ulioungua. Hiyo Fundi Nati angeitambua hata usingizini, maana miaka kumi na tisa ya kufungua mashine ilikuwa imeifanya pua yake kuwa kifaa cha kazi, sawa na bisibisi. Hii ilikuwa harufu ya mtu aliyelala na kitunguu kinywani, akaamka, akaja kukusalimia sikioni. Ilitoka nyuma ya kabati la seva, pale feni zinapopumulia joto, tena kwa vipindi: inakuja, inakata, inakuja.

"Panya kafia humo," Nati alijisemea, akaendelea na kazi.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, katika chumba cha mashine cha hospitali, chumba kisicho na dirisha wala kiti cha maana. Seva kumi na mbili zilipangwa kwenye kabati la chuma kama vitanda vya bweni. Namba saba ndiyo iliyotunza picha na vipimo vya wagonjwa wa macho, na tangu alfajiri ilikuwa imegoma kuamka. Dawa yake ilijulikana: kuisasisha ile programu ya ndani kabisa, inayoamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Nati akachomeka flashi, akabonyeza, akaangalia namba zikipanda. Asilimia kumi. Thelathini. Hamsini. Sitini na mbili. Ikagoma.

Akarudia. Sitini na mbili. Akabadilisha flashi. Akapakua faili upya na kulihakiki. Akachomoa umeme, akahesabu hadi thelathini, akarudisha. Sitini na mbili. Na kila ilipogoma, feni zilitoa mlio ambao, kama si heshima ya mashine, ungesema ni mbweu.

Msimamizi wake, mama mkavu asiyecheka hata akitekenywa, alichungulia mlangoni, kiganja puani.

"Nati, umekula nini?"

"Si mimi, bosi. Ni namba saba."

"Namba saba haina tumbo."

"Leo inalo."

"Basi litibu. Upasuaji wa macho ni Alhamisi. Bila vipimo hakuna atakayepasuliwa, na zamu nyingine ni baada ya miezi minne."

Hapo Nati akaigeukia tena mashine. Mtu wa tatu kwenye orodha ya Alhamisi alikuwa mama mkwe wake: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Bibi huyo alikuwa ameishi kwao mwaka mzima, akitia chumvi kwenye chai na kuliamkia koti lililotundikwa ukutani, na katika utani wa nyumba juu ya koti lile, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini mjukuu wake alikuwa na miezi mitano. Kila jioni bibi alimpapasa paji, pua, kidevu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi huyu kafanana na nani?" Hapo utani wote uliisha nyumba nzima.

Jumanne Nati alifungua kifuniko cha namba saba. Alitegemea panya. Panya angemshukuru.

Juu ya bodi palikuwa na utando mweupe, mzito kama ngozi ya maziwa yaliyolala, na utando ulikuwa na joto, ukipanda na kushuka. Feni ya tatu ilikuwa imejiviringishia nywele ndefu zenye mafuta. Alipozivuta zilikuja, zikaendelea kuja, zikiteleza kati ya vidole kama zinazotolewa kwenye tundu la bafu la watu wengi. Na kwenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu, nafasi iliyotakiwa kuwa tupu, palikuwa na meno. Manne, ya chini, yamejaa ukoga. Nati akatapika ndani ya kapu la waya chakavu, kistaarabu, akajifuta kwa ukosi wa shati.

Ndipo feni zote zikapunguza mwendo kwa pamoja, na upepo wake ukawa maneno.

"Nilipiga hodi," ilinong'ona namba saba. "Hapakuwa na mwenyewe."

Nati alitoka humo na kiatu kimoja.

Mwisho wa ukumbi ule kulikuwa na chumba cha kufulia, na ndani yake Bi Povu, dobi mkuu wa hospitali, mwanamke mpana mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji. Kwamba anaondoa na mambo mengine mbali na damu na usaha, wauguzi walilijua, na walimwendea kimya kimya. Nati alipoingia, hakungoja salamu. Alimshika mkono, akaunusa, akakunja uso.

"Hii si ya binadamu," alisema taratibu. "Umeitoa wapi?"

"Kwenye seva, bibi."

"Ndiyo nini?"

"Ni sanduku, bibi. Sanduku linalokumbuka."

"Na wewe ulilifanyia nini?"

"Sijalifanyia kitu."

"Baba, nimefua mashuka miaka thelathini. Kila mtu huniambia ni mchuzi."

Nati akainamisha kichwa. Akaeleza, akinong'ona kama anayekiri mbele ya hakimu, kwamba wiki tatu nyuma alikuwa akiisasisha namba saba hiyo hiyo. Kazi ikajikokota, tumbo likalia, na mgahawa ulikuwa karibu kufunga. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba mashine ikiwa katikati ya kusasishwa haikatwi umeme, hata nyumba ikiwaka moto. Yeye, fundi wa miaka kumi na tisa, alichomoa waya kwenye sitini na mbili, akaandika kwenye fomu "Imekamilika", akaenda kula. Kesho yake ikawaka kama kawaida, naye akasahau.

"Ndilo hilo," Bi Povu alisema. "Ya zamani haipo tena, na mpya haijawa. Kitu kikiachwa katikati vile hakina mwenyewe. Na hawa wenzetu hawana kwao. Wakikuta pako wazi, wanahamia na mikeka."

Akachukua ndoo, brashi ya sakafu na kipande cha sabuni ya kufulia.

Mbele ya namba saba alimwamuru Nati akiri upya, mdomo kwenye matundu ya hewa, harufu yote ikimwingia. "Nilikuacha nusu," Nati alisema, machozi yakimtoka, "nikaandika uongo." Kisha akabonyeza. "Usiondoe mkono mpaka iishe," Bi Povu alisema, "chochote kitakachotoka, ni uchafu tu." Namba zikapanda, hamsini, sitini, sitini na mbili, zikasimama, na mashine ikaanza kutetemeka na kukohoa kikohozi cha kifua kibovu, na kutoka kwenye matundu yake yote ukamiminika ute wa njano wenye uvuguvugu, ukimpitia Nati kati ya vidole, ukiingia kwenye mkono wa shati na kushuka kwapani, na ndani ya ute zikaja kucha, na baada ya kucha nywele, vifundo kwa vifundo, na Bi Povu akisugua na kusukumia kwenye ndoo na kutukana kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto, mpaka kitu chenye ulimi kikamlamba Nati kiganja kizima, polepole, kikimwonja, naye asiondoe mkono, asiondoe, akimwona mama mkwe akipapasa kile kidevu kidogo, na namba ikasogea. Sitini na tatu.

Ilipofika mia, chumba kilinuka sabuni tu.

"Limetoka, halikufa," Bi Povu alisema, akifunika ndoo iliyokuwa nyepesi kuliko ilivyopaswa. "Litatafuta nusu nyingine. Siku hizi usiache kitu katikati."

Nati hakuacha. Aliumaliza ukuta wa jikoni uliokuwa umepakwa rangi nusu tangu harusi yake. Alikunywa chai mpaka machicha. Alimalizia hata ugomvi na mkewe waliouahirisha mwezi uliopita, akashindwa, akalala kwa amani.

Alhamisi mama mkwe akapasuliwa. Ijumaa asubuhi muuguzi akafungua bandeji, na bibi akakaa kitandani akipepesa, akimtazama mjukuu. Hakumpapasa.

"Kumbe kafanana na mimi," alisema, akaangua kilio na kicheko pamoja. Mkewe Nati akalia pia. Nati mwenyewe alikuwa karibu kulia, hadi alipoliona jicho la kushoto, jeupe vile vile.

"Na hili?" alimnong'oneza mkewe.

"Wanafanya moja moja, baba. Hilo jingine ni zamu ijayo, baada ya miezi minne. Ndio utaratibu wao."

Nati akasogea amchukue mwanawe. Bibi alikuwa ameshainama kumbusu mtoto, na harufu ikamfikia Nati kabla hajanyoosha mkono. Kitunguu kilicholala. Inakuja, inakata, inakuja.

"Mkwe wangu," bibi alisema bila kuinua uso, kwa sauti iliyokuwa upepo mtupu, "safari hii sikupiga hodi."

Kwenye kona ya jicho lile jeupe, unywele mmoja mrefu wenye mafuta ulichungulia, ukamgusa mtoto shavuni, ukajivuta ndani.