Chokaa Juu ya Kisima

Mwaka ule Miteja ilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, na kazi za pamoja za msaragambo hazikuisha. Asubuhi shambani, mchana kujenga ghala la korosho. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Fakihi, mume wa Adija. Fakihi hakupenda kuona wanawake wakipandisha ndoo za maji mlimani kwenye ghala. Akaamuru kifusi na chokaa virundikwe jirani na kisima, upande wa juu.

"Korogeeni hapohapo, mpumzishe shingo," alisema.

Wanawake wakampigia vigelegele. Adija akajiona ana mume mwenye huruma kuliko wote.

Kisha ikanyesha mvua kubwa. Kulipokucha, maji ya kisima yalikuwa meupe kama tui. Watu waliyachota hivyohivyo, maana kisima kingine kilikuwa mbali, kwenye mahame ya kijiji cha zamani. Haukupita muda, binti mdogo wa Adija na Fakihi, Samia, akaanza kuhara. Macho yakamwingia ndani. Adija aliogopa sana.

Bwana afya, Leonadi, alimnywesha mtoto maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi. Kisha akaenda kisimani.

"Nani kaweka kifusi hapa?"

Fakihi aliinamisha kichwa. Adija alimwonea huruma, lakini alimfikiria Samia.

"Ni sisi, bwana. Tulitaka kurahisisha kazi."

"Mama, mahali hapa mmepafyeka. Hakuna nyasi za kuzuia maji. Mvua inasomba chokaa, tope na mavi ya mbuzi, vyote vinaingia humu."

"Sasa tufanyeje?"

"Hamishieni kifusi upande wa chini, mkifunike kwa makuti. Kateni mtaro huku juu, upeleke maji ya mvua kwenye shimo kule pembeni, tope litulie huko. Nyasi ziacheni ziote. Kukoroga na kuosha vyombo vya ujenzi kufanyieni kulekule kwenye ghala, si hapa. Na maji ya kunywa yachemsheni."

"Kwa hiyo tutapandisha ndoo tena?" jirani yao Mwanaasha alinung'unika.

"Nitapandisha mimi," Fakihi alisema.

Watu wakaangua kicheko. Mwanamume na ndoo kichwani! Fakihi hakucheka. Kesho yake alipandisha, akataniwa, akaendelea kupandisha. Wengine walichimba mtaro na shimo, wakakausha kisima na kuzoa tope lake. Samia akapona.

Mvua nyingine ilipokatika, Adija na Fakihi walikwenda kutazama. Kisimani changarawe zilionekana hadi chini. Shimo la pembeni lilikuwa limejaa uji mweupe, mzito, unaonuka.

Fakihi alichutama, akaukoroga kwa kijiti.

"Mama Samia," alisema taratibu, "hiki ndicho tulichokuwa tukimnywesha mtoto."